Bugali ya Mutu Moja

Bandugu, amani ikuwe na kila mutu mwenye iko hapa. Mimi ni ule papa mwenye anaikalaka ku benchi ya nyuma, karibu na mulango. Miezi nane nimekuja mu hii kundi yetu ya bafiwa, na kila mara mama kiongozi alikuwa ananiangalia, mimi naangalia viatu. Leo nimesimama. Mutanivumilia. Mimi ni seremala, mikono yangu inasemaka vizuri kupita kinywa.

Bengine batacheka, sababu ushuhuda yangu ni ya sufuria. Hapa tulisikia bamama benye balitembea siku tatu mu musitu na batoto ku mugongo. Mimi nitasema juu ya mwanaume mwenye alikuwa na bunga mu nyumba, na makala, na mai, na akabakia kidogo tu akufe na njala. Mucheke kama munataka. Mais musikilize mpaka mwisho.

Natoka upande wa Kalunguta. Niliishi na bibi yangu, ule nilioa, miaka makumi mbili na saba. Tulikuwa na shamba ya muhogo, kakao kidogo, na mimi natengeneza milango na bitanda. Mutoto alibakia moja tu, musichana, na yeye aliolewa kule Kasugho. Donc mu nyumba tulikuwa tu babili.

Mu ile miaka yote sikupika hata siku moja. Hata chai. Bapapa munajua vile iko kwetu: mutoto mwanaume akianza kuwa mukubwa, banamufukuza ku jiko. Marehemu baba yangu alisemaka, "Mwanaume mwenye anafunua sufuria, anafunua na heshima yake." Nilikomaa na ile neno. Chakula kwangu ilikuwa kitu yenye inatoka nyuma ya nyumba, iko moto, na mimi nanawa mikono. Ikichelewa, nauliza. Ikikosa munyu, nasema. Kushukuru, hapana. Nani anashukuruka jua sababu imetoka?

Sasa nifike ku ile siku. Nilitaka niipite, mais nikiipita, yote yenye nitasema itakuwa uongo.

Ile wiki tulikuwa tunakula maharagi. Asubui maharagi, mangaribi maharagi. Bale batu ba musitu, benye bunduki, balikuwa bameonekana ngambo ya muto, na chef wa kijiji alikataza batu kwenda ku mashamba. Asubui ya siku ya tano, bibi yangu akaniwekea sahani. Nikaiangalia. Nikaisukuma na mukono, hivi. Ikateleza mpaka mwisho wa meza, supu ikamwangika. Nikasema, "Maharagi tena? Mimi ni mufungwa?"

 Alikamata kitambaa, akapangusa meza. Mimi nikatoka, nikaenda kupiga randa mulango ya mutu. Nyuma yangu akabeba kitunga, akavuka muto, yeye na bamama babili, kwenda kutafuta sombe, majani ya muhogo.

Midi, saa sita ya muchana, tulisikia masasi. Haikukuwa mingi. Bale bamama batatu, hakuna hata moja mwenye alirudia na miguu yake. Bijana balileta bibi yangu ku machela ya miti, na mutu ingine nyuma yao alibeba kitunga. Ilikuwa imejaa majani, bado mabichi.

Ku kilio, bamama ba jirani balipika. Habakujua kitu. Balikuta kitunga kando ya mulango, bakasema chakula haitupwe wakati wageni ni mingi. Bakatwanga. Kesho yake mama mukwe yangu akaniletea sahani, yeye mwenyewe: bugali na sombe. Nikakula tonge mbili, tatu. Kisha nikauliza, "Mama, hii sombe imetoka wapi, na mashamba imefungwa?"

Akasema, "Mwana, ni ile alichuma yeye. Kazi ya mukono yake ya mwisho. Kula."

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikatapika mpaka ikabaki mai ya uchungu. Tangu pale, kitu yoyote yenye naweka mu kinywa ilikuwa udongo.

Na kuko mubaya kupita ile. Batu ku kilio balikuwa banauliza, "Mais sababu gani alivuka muto, na ilikatazwa?" Mimi nilikuwa nimeikala palepale, mbele yao, na jibu mu kinywa. Nikanyamaza. Bakajijibu bao wenyewe: "Alikuwa na kichwa nguvu, hasikiaka mutu." Nikaacha baseme vile juu ya bibi yangu, mbele ya mwili yake.

Nipumuzike kidogo. Mama kiongozi, aksanti, mai itatosha.

Bon. Kisha kuzika, nusu ya kijiji ilikimbia. Mimi nilifika hapa Butembo na sanduku ya vyombo vya kazi ku bega. Nikapata nafasi mu atelier ya seremala moja, na chumba ya kupanga mu parcelle, uwanja moja yenye iko na milango sita. Batu ba pale balinipokea muzuri. Mama moja akanipa mbabula ya zamani, ile jiko ya makala, mwingine sufuria. Nikanunua makala na bunga. Siku ya kwanza nilimwanga bunga mu mai ya baridi, nikaweka ku moto, nikaikala kungoja, kama mutu anangoja gundi ikauke. Ikakuwa mabonge: inje iko ngumu, ndani bunga kavu. Nikasikia bamama ku robinet ya mai banacheka. Labda balikuwa banacheka mambo yao. Mimi nilifunga mulango, na ile bugali nikaitupa mu choo.

Sikupika tena. Asubui nakula beignet mbili, ile mandazi, na chai ku kando ya barabara, nimesimama. Na kama unaishi pekee yako, bandugu, nabaambia, kula umesimama ndiyo mwanzo ya shida. Unasema, sababu gani niikale? Sababu gani nichafue sahani? Niko pekee. Unakula mu sachet ya plastiki. Kisha unakula nusu ya sachet. Kisha unasahau kama kuko kitu inaitwa saa ya kula. Na kisha kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, inakuwa chakula, sababu inajaza tumbo na haiulize kitu.

Mutoto yangu alikuwa anapiga telefone kila jioni kutoka Kasugho.

"Papa, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Pale sasa nilikuwa fundi. "Leo muchele na samaki." "Leo nyama ya mbuzi na ndizi." Tumbo inalia karibu na telefone, na mimi namupangia karamu. Siku moja akauliza, "Papa, nani anakupikia bile bintu yote?" Nikasema, "Mimi mwenyewe. Nimejua." Akacheka, akafurahi, akaita bwana yake amuambie. Kile kicheko kiliniuma kupita njala.

Matundu ya mukaba ilikwisha, nikafunga suruali na kamba. Fizi inatoka damu. Miguu ikavimba, ukifinya na kidole, shimo inabaki. Siku moja mu atelier, niko nasukuma randa, mbao ikakuwa mbili mu macho, na nikaanguka. Patron, ule mwenye atelier, akanimwangia mai ku uso. Si mutu mubaya, ule. Akasema, "Papa, nenda kwanza upone. Sitaki ufie ku musumeno yangu."

Nikarudia ku chumba, nikafunga mulango. Na hapa nitasema kitu yenye hata padiri sikumuambia vizuri. Sikulala kwa kupona. Kamba sikugusa, sumu sikugusa, sababu niliogopa dhambi. Nililala tu, nikangoja. Nilisema mu roho: nilikataa chakula yake, basi nisikule tena. Ilionekana kwangu kama haki.

Siku ya ine, jua iko juu kabisa, mutu akagonga. Nikanyamaza. Akagonga tena.

"Papa, fungua. Najua uko ndani. Siku ine sijasikia mulango yako."

Ilikuwa mama wa mulango ya tatu. Ni Muislamu, mujane kama sisi. Bwana yake alikuwa dereva wa lori, alikufia mu barabara ya Beni. Mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana tu: "Mama, jambo." "Papa, jambo." Basi. Nikafungua nikiegemea ukuta. Nilifikiri ameniletea chakula, na neno ya kukataa ilikuwa tayari. Mais hakuleta kitu. Mukono yake ya kuume ilikuwa mu plâtre ya hospitali mpaka ku kiwiko. Pikipiki ilimuangusha ku rond-point, pale barabara zinakutana.

Akaniangalia toka kichwa mpaka miguu. Hakusema pole. Akasema, "Papa, niko na njala."

"Namna gani, mama?"

"Niko na njala. Mukono imevunjika, siwezi kusonga bugali. Mwana yangu iko Beni, majirani bote beko ku soko. Mai yangu inachemka kule. Kuja unisongee."

"Mama, mimi sijue. Mimi ni mwanaume, sijapikaka..."

"Sikukuuliza kama unajua. Nimekuomba mukono. Wewe uko nayo mbili."

Bandugu, kama angeniambia "kula", ningefunga mulango. Mais mutu amesimama mbele yako, anasema yeye ndiye mwenye njala. Ningemujibu nini? Nikamufuata, napapasa ukuta.

Akaniikalisha ku kiti kifupi, yeye akasimama juu yangu kama mwalimu. "Tia bunga. Kidogo. Acha. Sasa geuza. Songa toka chini! Wewe si seremala? Sukuma kama unasukuma randa, hapana kuipapasa kama kichwa ya mutoto!" Jasho inashuka mu macho. Ilitoka na mabonge, mais ilisimama. Kulikuwa mboga ya lenga-lenga kidogo ya jana, na samaki ndogo, fretini, mbili tatu. Akaweka yote mu sahani moja kati yetu. Akaangalia mukono yake ya kushoto, akasema, "Mungu anisamehe," akaanza kukula nayo.

Alikula yote ya upande yake. Kisha akasema, "Iko mubaya. Kesho utangoja mai ichemke kabisa, na uache kuogopa moto."

Nikaangalia vidole vyangu. Ilikuwa na bugali. Sikukumbuka saa gani nilianza.

Musifikiri nilipona ile siku. Tumbo yenye ilifungwa inakataa kufunguka. Kesho nilitapika, na kesho kutwa. Ule mama akanifundisha kutengeneza uji nyepesi, ya kukunywa pole pole, kijiko kwa kijiko, siku nyingi. Mais kila midi ananiita, "Papa, njala!" na mimi natoka. Nikajua kuosha maharagi na kuondosha mawe. Nikajua kama kitunguu inatangulia nyanya. Nikajua kupima bunga ya mutu moja na ya batu babili; si kitu moja, na ile ya mutu moja ndiyo nguvu, sababu inaungua mbio. Bamama ba robinet bakanizoea. Moja akanionyesha kufunika makala na majivu ili isikwishe bure.

Kisha siku moja nikakuta ungo ku mulango yake, na majani juu. Akasema, "Leo sombe. Kinu ile pale."

Nikasema, "Kila kitu, mama. Ile hapana."

"Sababu gani?"

Nikaikala chini. Nikamuambia yote: sahani, muto, kitunga, kilio, na ile "kichwa nguvu". Ilikuwa mara ya kwanza inatoka mu kinywa yangu. Jua inawaka, batoto banapita na mabidon, na mimi muzee mwenye ndevu nalia mbele ya mama ya batu.

Akageuza majani mu ungo. Nilitaka aseme, "Si kosa yako, papa." Hakusema vile.

"Ulikosea," akasema. "Mwanamuke alikupikia na ukamutendea kama mutumwa. Ile ni yako, utajibu mbele ya Mungu. Mais bunduki haikukuwa mu mukono yako. Benye balimuua beko na yao. Wewe umekamata yako na yao, ukaweka yote ku mugongo moja, na sasa inakuua. Nani alikutuma kubebea bauaji muzigo yao?"

Nikapangusa ndevu na mukono.

"Na kitu ingine," akasema. "Kumurudisha, huwezi. Mais uliacha baseme alikuwa na kichwa nguvu. Ile ungali unaweza kutengeneza." Akanipa mutwangio. "Twanga."

Nilitwanga. Sombe inaomba muda, munajua, inachemka mpaka unasahau kama uliiweka. Ikaiva. Sitabadanganya kama ilikuwa tamu. Nilimeza tonge tano na machozi. Mais sikutapika.

Jioni mutoto yangu akapiga. "Papa, umekula nini?"

"Sombe," nikasema. "Na mbele ya leo, miezi mingi, sikukula kitu ya maana. Nilikudanganya." Kisha nikamuambia juu ya sahani.

 Halafu akasema, "Papa, baliniambia mama alikuwa na kichwa nguvu. Nilisimama ku kaburi yake nikamukasirikia. Nilimukasirikia mama yangu, papa." Telefone ikakatika.

Wiki tano hakupiga. Nikipiga mimi, inalia mpaka inanyamaza. Ile wiki tano ndiyo nilijifunza kweli kupika ya mutu moja. Sikuwa na hamu. Niliwasha moto, nilisonga, niliikala, nilikula ku sahani, nikaosha sahani. Kila siku. Hakuna malaika mwenye alishuka. Miguu ikapunguka kuvimba, na nikarudia ku atelier. Patron akaangalia mukaba yangu, akasema tu, "Mulango ile ya mbao ya mukoloso inakungoja."

Siku moja mutoto yangu akafika bila kutangaza, ku lori ya mbao. Akaingia, akaikala, hata jambo hakusema. Nikapika, yeye ananiangalia vile mutu anaangalia mugeni mu nyumba yake. Akakula. Akanawa. Kisha akasema, "Tutaenda kwa nyanya, mama yake mama. Utasema pale vile uliniambia."

Mama mukwe yangu balimukimbizia Beni, anaishi kwa mutoto yake mwingine. Tulienda. Bakaita jamaa yote benye beko kule. Nikasimama kama vile nimesimama hapa, nikasema: alivuka muto sababu yangu. Sababu nilisukuma sahani.

Hakuna mutu alipiga kelele. Ule mama mukwe ni muzee sana, macho inaona kidogo tu. Nikapiga magoti, nikamunyooshea mukono. Hakuikamata. Na mpaka leo hajaikamata, nisibadanganye. Mais aliinuka, akajitegemeza ku fimbo, akageukia jamaa yake, akasema na sauti yenye bote balisikia, "Basi mutoto yangu hakukuwa na kichwa nguvu."

Mara tatu alisema vile. Kisha akaikala.

Bandugu, ndiyo ile. Kulala mu ile nyumba balitunyima, tulirudia siku ileile. Mutoto yangu anapigaka tena telefone, si kila jioni, mais anapiga. Anauliza nimekula nini na namuambia ukweli: siku ingine ni viazi na munyu.

Nashukuru. Ule mama wa mulango ya tatu, mukono yake ilipona, mwana yake akamukamata kwenda kuishi naye Beni. Kabla ya kupanda gari akaonja bugali yangu akasema, "Sasa mutu anaweza kuikula." Mungu amulinde mu ile barabara. Patron, aksanti. Bamama ba parcelle, mulinicheka siku moja na mulinifundisha siku mia, wasingya, ile aksanti ya kwetu. Na ninyi ba hii kundi, miezi nane hamukuniuliza kitu. Ile ilinisaidia kupita mahubiri.

Fundisho yangu ni kidogo. Mwenye iko na mutu wa kumupikia, leo akifika nyumbani amuambie aksanti, hata kama ni maharagi. Mwenye iko pekee yake, hapana kula umesimama. Ikala. Weka ku sahani. Wewe pia ni mutu mwenye anapikiwa.

Na kama kuko mutu hapa mwenye tangu jana hajawasha moto, hapana kuniambia mbele ya batu. Mimi nakaa nyuma ya mashini ya kusaga, mulango ya ine. Kila midi naweka mai ya batu babili. Piga tu hodi.